Mwanafunzi na simu yake: picha za ng'ambo na picha za kwetu

Makanisa yetu ya mashariki husindikiza vijana wanaokwenda kusoma au kujitolea ng'ambo. Wengine huenda karibu tu, Kampala, Kigali au Nairobi. Wengine hufika Ujerumani kwa njia ya VEM, jumuiya ya makanisa yenye makao yake Wuppertal, ambayo CBCA ni mmoja wa washiriki wake. Vilevile tunapokea vijana wa huko wanaokuja kwetu kuona na kujifunza. Wote, wanaokwenda na wanaokuja, wana simu mfukoni, na tangu siku ya kwanza wanapiga picha: chakula, barabara, watoto, mama sokoni. Tunawaombea safari njema, tunawapa barua ya kuwatambulisha, lakini juu ya hizo picha hatuwaambii neno.

Tuanze na kijana wetu. Tuseme ni binti wa Nyabiondo aliyefika Ujerumani kwa mwaka mmoja, akapewa kazi katika shule ya watoto wadogo. Juma la kwanza anapiga picha ya watoto wanaocheza kwenye mchanga, anamtumia mama yake. Kesho yake kiongozi wa shule anamwita na kumweleza kwa upole kwamba picha ile ifutwe, kwake na kwa mama yake. Kila mzazi pale hutia sahihi karatasi inayosema kama mtoto wake anaweza kupigwa picha, kwa kazi gani, na kama picha inaweza kutoka nje ya shule. Mzazi akikataa, imekwisha.

Binti anaona aibu. Halafu, akiwa njiani kurudi nyumbani, anakumbuka jambo. Mara ngapi yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alipangwa mstari mbele ya kamera ya mgeni asiyejua hata jina lake, akaambiwa acheke? Na mama yake alikuwa palepale, anapepeta maharagwe, wala hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Sheria iliyomfanya yule kiongozi wa shule aseme vile ina kisa chake, na kisa chenyewe ni cha maiti. Tarehe 30 Julai 1898 Otto von Bismarck, mzee aliyeunganisha Ujerumani, alifariki nyumbani kwake Friedrichsruh, karibu na Hamburg. Saa chache baadaye wapiga picha wawili waliingia kwa siri chumbani alimolazwa, wakampiga picha, wakaanza kutafuta mnunuzi. Jamaa zake walikwenda mahakamani, na picha ikazuiwa. Lakini mahakimu walipata taabu, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyosema kwamba uso wa mtu ni wake. Ikabidi wategemee kosa la kuingia nyumba ya watu bila ruhusa. Mwaka 1907 sheria ikatungwa, na kifungu chake cha 22 kinatumika mpaka leo: picha ya mtu haitangazwi bila mwenyewe kukubali, na akifa, kwa muda wa miaka 10 wanaoulizwa ni jamaa zake. Kuna nafasi zilizoachwa wazi, kama mkutano wa watu wengi, maandamano, au mtu anayeonekana tu pembeni katika picha ya mlima au ya mji.

Hiyo miaka 10 ya marehemu niliisoma mara mbili. Kwetu mtu akiuawa kwenye njia ya Sake au ya Pinga, picha ya mwili wake inaweza kuzunguka katika WhatsApp kabla mke wake hajapata habari. Na wanaoizungusha si wageni. Ni sisi, hata katika vikundi vya kwaya, tukiandika chini yake «tuombe».

Mwaka uleule wa 1898, kijana Mwingereza Alice Seeley Harris alifunga ndoa na mara akasafiri na mume wake John kuja Kongo, wakiwa wamisionari wa Congo Balolo Mission. Alikuja na kamera. Tarehe 14 Mei 1904 mtu mmoja aitwaye Nsala alifika misioni ya Baringa, upande wa Equateur, akiwa amefunga kitu katika majani. Ilikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye miaka kama 5, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Harris alimwomba aketi barazani, akaweka mabaki ya mtoto mbele yake, akampiga picha. Akina Harris walizunguka Uingereza na Marekani wakionyesha picha za namna hiyo kwa taa ya kuonyeshea ukutani, makanisani na katika kumbi, na watu waliokuwa hawataki kuamini barua na ripoti waliamini walichokiona. Mwaka 1908 Leopold wa Pili alilazimika kuiacha Kongo, ikawa mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Sisi Waprotestanti tunakipenda kisa hicho, na tuna haki ya kukipenda. Picha ile ilifanya kazi. Lakini tukisimama hapo tunajifunza nusu. Kazi ile ilikuwa na sababu iliyotajwa waziwazi, na jina la baba na la mtoto yakahifadhiwa, ndiyo maana tunayajua zaidi ya miaka 120 baadaye. Picha nyingi zilizofuata zilichukua huzuni ya Nsala zikaacha jina. Mtoto mwenye tumbo la njaa, mama kwenye turubai, kijana amebeba mchanga wa madini: mahali panaandikwa «Kongo», basi, kana kwamba kutoka Baringa hadi Bukavu ni mtaa mmoja.

Walikale inajua jambo hili kwa uchungu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya njia ya Kibua kwenda Mpofi, Luvungi ikiwa kati yake, watu zaidi ya 300 walibakwa na vikundi vya silaha. Dunia ilisikia, na ilipaswa kusikia. Ndipo wakaja wageni wa kila namna, wenye daftari na wenye kamera, na wanawake walewale wakaombwa kusimulia usiku uleule tena na tena. Mwenye kuuliza alikuwa na nia njema, pengine. Lakini mama aliyefunikwa uso kwa kitambaa na kupigwa picha mbele ya nyumba yake, nyumba ambayo kijiji kizima kinaijua, amefichwa kwa nani? Kwa wasomaji wa mbali. Kwa jirani na kwa aliyemtenda, hakufichwa.

Kuna kundi moja la wanafunzi ninalotaka kulisifu hapa, maana lilianza kwa kujicheka lenyewe. Ni SAIH, chama cha wanafunzi na walimu wa vyuo vya Norway cha kusaidia elimu katika nchi nyingine. Mwaka 2012 walitoa video ambamo Waafrika wanaimba na kuchanga vyombo vya kupasha joto nyumba ili kuwaokoa Wanorway maskini wanaoganda kwa baridi. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu waliona ndivyo wanavyotuimbia sisi. Mwaka 2017 chama hicho kikatoa mwongozo kwa vijana wanaokwenda kujitolea au kusoma katika nchi nyingine. Mambo yake makubwa ni manne: linda heshima ya mtu, pata kibali ambacho mtu amekielewa, jiulize kwa nini unaipiga picha hii, na tumia nafasi yako kuvunja picha za uongo zilizozoeleka. Hapo naona la tatu ndilo gumu. Mwanafunzi anayepiga picha akiwa amezungukwa na watoto 20 wa Kitshanga, anaonyesha watoto au anajionyesha mwenyewe?

Tusiwaonee lakini. Vijana wetu nao wakifika kule wana michezo yao. Anasimama kando ya gari la jirani, mkono juu ya mlango, theluji nyuma yake, na picha inafika Masisi saa ileile. Juma linalofuata ada za shule za wadogo zake wanne zinamngoja yeye, na akisema hana, nani atamwamini? Ameshasema kwa picha kwamba anazo. Wengine hufanya kosa zito zaidi bila kujua. Tuseme yule binti wetu anahamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anamwona bibi wa miaka 90 peke yake dirishani, saa nzima haongei na mtu. Anampiga picha kwa siri, anaandika: «Ulaya ndivyo wanavyowatupa wazazi wao.» Makofi mengi kutoka kwetu. Hajui kwamba binti wa bibi huyo huja kila Jumapili, au kwamba bibi mwenyewe anapenda kukaa pale kutazama ndege. Ameandika juu ya mtu mmoja neno la watu milioni nyingi. Ndilo hasa tunalolalamikia wanapolifanya kwetu.

Upande mwingine yupo mwenzetu aliyekwenda kujifunza picha kwa makusudi. Pamela Tulizo wa Goma alisomea uandishi wa habari, kisha akaenda Johannesburg, katika Market Photo Workshop, shule iliyoanzishwa mwaka 1989 na mpiga picha David Goldblatt. Alirudi Kivu. Kazi yake iitwayo «Double Identité» inawaonyesha wanawake wa Kivu kati ya sura mbili, ile ambayo dunia huwapa na ile wanayojiona nayo wenyewe, na mwaka 2020 ilipata tuzo ya vijana ya nyumba ya Dior ya Ufaransa. Mwaka huohuo korona ilifunga mipaka, na Finbarr O'Reilly, mpiga picha aliyepewa tuzo ya Carmignac kwa kazi ya Kongo, hakuweza kuzunguka nchini alivyopanga. Akageuza mpango na kuifanya kazi pamoja na wapiga picha Wakongomani, wengi wao vijana wa mashariki. Ikaitwa «Congo in Conversation». Ilichukua ugonjwa kufunga njia ndipo waliokuwa hapa siku zote wakapewa nafasi kubwa hivyo.

Lakini hata mzaliwa wa hapa hawezi kusema «ni kwetu» na kuinua simu. Katika Masisi na Walikale kuna hatari ambazo kiongozi wa shule ya Ujerumani hazijui, na nazo zieleweke vizuri.

Ya kwanza ni bariera. Mwenye simu anaweza kuombwa aifungue, na picha zilizomo husomwa kama barua. Picha ya mjomba aliyevaa nguo za askari, ya daraja, ya mkutano fulani, inaweza kumgeuza mwanafunzi kuwa mpelelezi mbele ya watu wasiosikiliza maelezo. Tangu mapigano ya 2025 yaliyofika mpaka Walikale-centre, mahali pamoja paliweza kubadili wakubwa katika majuma machache. Picha uliyoipiga bila wasiwasi chini ya hawa inaweza kukuletea shida chini ya wale. Na si wewe tu, hata yule mliyesimama naye. Kule Kilambo, karibu na Mubi, ndege za mizigo zilizoea kutua juu ya barabara ya lami. Ni jambo la ajabu kuliona, na kila mgeni hutamani kulipiga picha. Asilipige. Vivyo hivyo uwanja wa ndege, kambi ya askari na mlango wa mgodi.

Ya pili haionekani kwa macho. Simu nyingi huandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa, mpaka hatua chache. Ukiituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, maandishi hayo huondolewa. Ukiituma kama dokima ili isipoteze ubora, kama wanafunzi wengi wanavyofanya kwa kazi za shule, yanakwenda pamoja nayo. Mama aliyejificha Mweso anajulikana yuko nyumba gani. Mwanafunzi azime mahali katika kamera ya simu kabla ya kupanda pikipiki Goma.

Ya tatu inahusu njaa, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Katika kambi kama Bulengo na Lushagala, walikokaa jamaa wengi wa Masisi mpaka zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, mgeni mwenye kamera na mgeni mwenye orodha ya msaada walifanana. Kupigwa picha, kuandikwa jina, kupewa jetoni: kwa mama aliyekimbia na watoto ni njia moja. Ukimwuliza, «Naweza kukupiga picha?» atakubali. Anakubali unga. Kwa hiyo kabla ya kuuliza, mwanafunzi aseme wazi, kwa Kiswahili au kwa Kihunde au Kinyarwanda kama kuna wa kumtafsiria: mimi ni mwanafunzi, sina orodha, picha hii haileti kitu, itaonekana mahali fulani, na ukikataa hupotezi lolote. Halafu anyamaze kidogo. Wengi watakataa kwa heshima, na jibu hilo lipokelewe bila kubembeleza.

Hapa nina neno kwa sisi viongozi, na naomba lisomwe na baba wachungaji na mashamasi. Mgeni akifika parokia, hutuomba sisi ruhusa, nasi kwa furaha ya ugeni tunasema, «Piga tu, wote ni watoto wetu.» Hatuna mamlaka hayo. Mchungaji anaweza kuruhusu picha ya jengo na ya mimbari. Shefu wa kijiji anastahili kusalimiwa kwanza, na mwanafunzi anayepita bila kumsalimu amekosea. Lakini uso wa mama ni wake, na wa mtoto mdogo ni wa kuulizwa kwa mzazi wake. Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Tunafundisha toka Mwanzo sura ya kwanza kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Isiwe hivyo mpaka saa ya kupiga picha ya pamoja na wafadhili.

Si vigumu kuanza. Parokia inayopokea wanafunzi inaweza kuwaandikia ukurasa mmoja kabla hawajafika: tutawaomba kwa watoto wetu kile kinachoombwa katika shule za kwenu. Na karatasi ileile wapewe vijana wetu wanaoondoka.

Je, basi watu wasipige picha? Hapana, wapige, na nyingi zaidi ya sasa, ila za mambo mengine. Mtu aliyeko mbali akitafuta picha za Masisi hukutana na bunduki na mahema. Mara chache huona ng'ombe juu ya malisho ya Mushaki asubuhi yenye ukungu, duara za chizi zikishuka Goma, kijana akiteremsha viazi kwa chukudu huku breki yake ni kipande cha mpira wa gari. Wala Walikale haionekani na samaki wa mto Lowa, au wanafunzi wanaovuka matope viatu mkononi ili sare ifike shuleni safi. Mwanafunzi anayekaa miezi kadhaa ana kitu ambacho mwandishi wa siku mbili hana: muda. Anaweza kukaa mwezi wa kwanza bila kupiga picha ya mtu yeyote, akijua majina. Mwezi wa pili watu wataanza kumwita wenyewe: njoo utupige na mtoto mchanga, njoo arusini.

Na zile atakazopiga, azirudishe zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Hili wenyeji watalikumbuka kuliko maneno yote. Familia nyingi za Masisi zimekimbia mara tatu, mara nne, na kila safari waliyoyaacha nyumbani yaliungua au yaliibwa, picha za ukutani zikiwemo. Nimekaa katika misiba ambapo watoto wa marehemu walipitisha simu kwa simu wakitafuta picha moja ya mama yao ya kuweka juu ya jeneza, wakapata ile ndogo ya kadi ya mchaguzi, yenye mihuri. Inawezekana kabisa kwamba picha nzuri ya mama huyo ipo, anacheka, ana kikapu cha maharagwe, katika simu ya mwanafunzi aliyepita hapo siku moja akarudi kwao, na hajui hata jina la kumtumia.